Nyanya Aliyekuja Kanisani Kungoja

Tangu tumzike mama sijui kukaa. Naketi, nainuka. Nafungua kabati la vyombo, nalifunga bila kutoa kitu. Binti yangu ananiambia, "Mum, hebu tulia," kama vile utulivu unauzwa dukani na mimi nimekataa tu kuununua. Juzi nilikuwa Voi mjini, nikapita karibu na stendi, pale jamaa mmoja anapokamua miwa kwa mashine, anachanganya na tangawizi na ndimu, anauza kwa glasi. Harufu ya ule muwa uliopasuliwa ikanipiga puani nikasimama katikati ya njia. Mtu wa mkokoteni akanifokea, "Mama, songa bana!" Wapi. Nilikuwa nimesharudi jikoni kwetu, msichana mwenye magoti makavu, namtazama nyanya akitafuna muwa na mama amempa mgongo.

Wa rika langu mnaikumbuka Voi ile. Ilikuwa ya reli. Treni ndizo zilizotuamsha na ndizo zilizotuambia mchana umefika, na vumbi jekundu lilikuwa juu ya kila kitu, hata juu ya mkate. Baba alikuwa mtu wa gengi, wale wanaotembea juu ya reli na nyundo ndefu wakikagua na kukaza. Alifanya kazi njia ya Taveta, ile inayoachana na njia kubwa hapo Voi na kukata nyika hadi mpakani, na zamani zile ilivuka ikaenda mpaka Moshi. Siku moja akaambiwa achague: abaki Voi, ama ahamie upande wa Moshi awe nyapara wa gengi. Akachagua Moshi. Alituambia tukiwa tunakula mbaazi, na mama akaacha kula.

Asubuhi aliyoondoka waligombana. Sio kugombana kwa vyombo kuruka, hapana, mama hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa anamfungia chakula cha njiani, na mikono yake ilikuwa inakaza lile fundo la kitambaa, inalifungua, inalikaza tena. Kisha akamsukumia mzigo kifuani na kusema, "Nenda. Nenda na unyapara wako. Na ukitaka, usirudi." Baba akacheka, akanivuta sikio kama ilivyokuwa kawaida yake, akaenda. Miezi ya kwanza alikuja na kurudi. Halafu wakubwa wa nchi hizi mbili wakakosana huko juu, na mpaka ukafungwa, na treni ya kutoka Voi ikawa inaishia Taveta.

Mimi nilielewa mambo kwa akili yangu ya utoto. Niliposikia mpaka umefungwa, nikaona mlango mkubwa wa mabati umesimama nyikani, una kufuli, na baba yuko upande wa pili na sanduku lake anabisha hodi. Sikuelewa kwa nini hakuna mtu wa kumfungulia. Nilimuuliza mama ufunguo uko kwa nani. Akaniambia uko kwa Mungu, na nikaridhika kabisa, maana Mungu tulikuwa tunamjua.

Tulimjua kwa Mwalimu. Kasisi alipita kanisani kwetu mara chache, kwa hiyo siku nyingi ibada iliongozwa na Mwalimu, mtu mrefu mwenye suti moja na sauti ya kutosha watu watatu. Alhamisi kulikuwa na kipindi cha akina mama, na huko mama yangu alikuwa nyota. Alisimama, akashika kiti cha mbele yake, akasema, "Bwana asifiwe. Mume wangu atarudi. Sina shaka." Akina mama wakaitikia, wengine wakalia. Jumapili Mwalimu akamtaja kwenye mahubiri: mnataka kuiona imani, mtazameni Mama Wakesho. Wakesho ni mimi. Nilivimba kichwa jamani! Nilitembea na kifua mbele wiki nzima.

Nyumbani, imani ya mama niliiona kwa macho. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na cherehani yake ilikaa karibu na mlango ili apate mwanga. Treni ya Taveta ilipopiga honi ikiingia, mguu wake uliacha kukanyaga. Aliinuka na pini bado ziko mdomoni, akasimama mlangoni mpaka watu wote walioshuka wameshapita. Kisha akarudi. Kisha akainuka tena akafagia mahali alipokuwa ameshafagia. Akakunja nguo, akazikunjua, akazikunja. Nami nikasema moyoni, basi imani ndiyo hii, ni kutotulia. Nikaanza kumuiga. Darasani nilikuwa nainuka-inuka mpaka nikachapwa.

Ndipo ikaja ile siku. Treni ikapiga honi. Cherehani ikaendelea kulia.

Nikamwambia, "Mama, treni imekuja."

"Nimesikia."

"Huendi kuangalia?"

"Imebeba ndizi," akasema, na mguu wake haukusimama.

Ni kweli ilibeba ndizi, kila mara ilibeba ndizi. Mama Zuhura, Mwislamu wa Taveta aliyekuwa rafiki wa mama, alikuwa analeta mikungu yake kwa treni hiyo na kupumzikia kwetu kabla ya kwenda sokoni. Lakini kwangu mimi dunia ilikuwa imepinduka. Imani ya mama imeisha, nikasema, kama mafuta ya taa yanavyoisha, bila kelele. Na ajabu ni kwamba Alhamisi alisimama vilevile akashuhudia vilevile, Bwana asifiwe, atarudi. Nilimtazama nikaogopa. Niliona kama anasema uongo kanisani, na nilijua watu wanaosema uongo kanisani wanapata nini, Mwalimu alikuwa ametuhubiria.

Sikuweza kulala na jambo hilo, na sikuwa na wa kumwambia. Nyanya aliposhuka kutoka kwake Mbololo, mlimani, na mzigo wa miwa kichwani, nilimkimbilia hata kabla hajatua mzigo. Nyanya alikuwa mama yake baba. Hakubatizwa, wala hakuwa na haja. Masikio yake yalikuwa yametobolewa zamani, yananing'inia, na alikuwa na mazoea ya kukuangalia mdomo ukiwa unasema, kama anayehakikisha meno yote yapo. Nikamwambia, "Nyanya, mama imani imemwisha." Akanitazama mdomo. Akasema, "Ebo! Inaisha?" Akaingia ndani.

Nilikaa kizingitini nikijifanya nacheza. Nyanya hakuzunguka mbuyu. Alikaa kwenye kigoda, akamenya muwa, akasema, "Mama Wakesho, mtoto anasema umechoka kumngoja mwanangu."

Mama alikuwa anasonga ugali, mgongo wake umetuelekea. Akaongeza unga. Kisha akasema, "Mama, imani ninayo. Mungu akitaka, anafungua mpaka ule sasa hivi, kabla ugali huu haujaiva. Hilo naliamini kama ninavyoamini jiko hili ni moto. Lakini kwamba atanifungulia mimi? Mimi niliyemwambia mtu asirudi kwa mdomo wangu huu?" Mwiko ukasimama. "Kuamini naamini. Kutarajia ndiko kumenishinda."

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba vitu hivyo ni viwili. Kwa Mwalimu vilitajwa pamoja, imani na matumaini, vimeshikana mikono kama watoto wanaokwenda shule. Kumbe kimoja kinaweza kubaki nyumbani. Mtu anaweza kuamini kabisa kwamba basi lipo, na dereva anajua njia, na Mombasa iko mahali pake, na bado asikate tiketi kwa sababu moyoni anajua hakuna kiti chake. Leo ni mtu mzima, nina wajukuu, na ugonjwa huo wa mama ninao. Nani anieleze mahali dawa yake inapouzwa.

Nyanya alitafuna. Akasema, "Basi hiyo hasira yako ndiyo inayomzuia. Itoe."

Hapa lazima nieleze kwa wasio wa kwetu. Kwetu Udawida, huko milimani, wazee waliamini kwamba hasira iliyofungiwa moyoni inakwenda kumdhuru unayemkasirikia, hata kama mwenyewe hutaki, hata kama umeshaisahau. Inamfanya augue, inamfungia njia. Kwa hiyo mtu anayetaka heri ya mwenzake huchukua maji mdomoni, au maji ya muwa, au pombe, anasema yaliyo moyoni, anapuliza yale maji nje, na kumwombea mema. Mila hiyo ndiyo kutasa. Si uchawi. Lakini kanisani kwetu enzi hizo ilihesabiwa pamoja na uchawi, na aliyeonekana akifanya alisimamishwa kushiriki meza ya Bwana.

"Mimi nimeokoka, mama," mama akasema. "Hasira yangu nimeipeleka msalabani."

"Ikafika?"

Mama akaushika mwiko tena. Nyanya akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alitafuna pande kubwa la muwa mpaka mashavu yakajaa maji, akameza kidogo kupata nafasi ya kusema, na akasema kwa Kidawida, taratibu, "Mimi nilikuwa na hasira na huyu mke wa mwanangu. Nilisema ni yeye aliyemfukuza. Nilisema nikiwa nalima, nikasema nikiwa nateka maji. Iishe. Akae salama, alale usingizi, mikono yake ipate kazi." Akapuliza yale maji ya muwa kupita begani mwangu, nje, juu ya vumbi. Harufu yake ikajaa jikoni kote.

Mama aligeuka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na uso wake umekasirika, vyote pamoja. "Mama, unanifanyia hivi mbele ya mtoto," akasema. Na nyanya akamjibu, "Nikufanyie wapi?"

Kesho yake niliamka mapema nikamkuta mama nje, nyuma ya nyumba, ana kikombe cha maji. Akachukua maji mdomoni. Akayashika. Midomo yake ikatikisika, kisha akayapuliza mbali, na alipogeuka akaniona, akasema kwa haraka, "Nasukutua." Na kweli kijiti chake cha mswaki kilikuwa mkononi. Hadi leo sijui alifanya nini. Nilitaka kumuuliza hata mwaka huu alipokuwa kitandani hospitalini, nikashindwa.

Nyanya hakurudi Mbololo. Alisema, "Tugawane kazi. Wewe amini, usiache, naona unaiweza. Kutarajia niachie mimi. Mimi nimelima mlimani miaka yangu yote, mvua ikija na isipokuja. Kungoja ni kazi yangu." Mama akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akidhani ni utani. Lakini Jumapili nyanya alioga, akajifunga leso mbili, akauliza kanisa liko wapi. "Si huko ndiko mnakoomba arudi? Basi huko ndiko nitakakomngojea."

Niliona aibu, sitaficha. Nyanya alikwenda kukaa mbele kabisa, benchi ya kwanza, ambako hata wazee wa kanisa walikuwa hawakai. Tuliposimama alikaa. Tulipokaa akasimama, maana alikuwa ameamua sasa kutuiga. Wakati wa maombi hakufumba macho, aligeuka kutazama mlango. Baada ya ibada Mwalimu akamjia na tabasamu pana. "Karibu sana mama. Umekuja kuandikishwa ubatizo?"

"La," nyanya akasema. "Nimekuja kungoja mwanangu."

Watu wakacheka. Mwalimu mwenyewe akacheka, akamwambia yeyote anakaribishwa. Lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimefundishwa kwamba shaka ya mtu mmoja inaweza kuharibu maombi ya wengi, na sasa tumemleta mtu asiyebatizwa, ananing'iniza masikio katikati ya maombi yetu, hata kufumba macho hajui. Usiku ndotoni niliona baba amesimama mpakani amefungwa kamba mbili. Moja inavutwa na Mwalimu na akina mama, nyingine inavutwa na hasira ya mama na upagani wa nyanya, na yeye yuko katikati hasogei huku wala huku.

Kila Jumapili alikwenda. Mvua, jua. Akajua lini kusimama. Nyimbo hakuzijua lakini alivuma nazo, akifika mwisho baada yetu. Akina mama wakaanza kumpenda, wakawa wanambebea maji ya kunywa. Walimwambia mama, "Subira huvuta heri," na mama akawajibu, "Yangu imevuta mpaka kamba imekatika, sasa anavuta mkwe wangu." Na nikaona kitu kidogo kikibadilika kwa mama. Treni ilipopiga honi hakuinuka, lakini mguu ulipunguza mwendo.

Vuli ilikuwa imeanza kunyesha siku Mama Zuhura alipokuja bila kutua ndizi zake. Alisimama mlangoni na mkungu bado uko kichwani, maji yanamtiririka. "Mama Wakesho, keti dada yangu," akasema. Mama alikuwa ameketi tayari, yuko kwenye cherehani. "Nakwambia keti," Mama Zuhura akarudia, na hapo tukajua.

Alikuwa amepata habari kwa mtu aliyevuka kwa njia za panya. Baba alishikwa na homa huko Moshi, hakukaa nayo sana. Wenzake wa reli walimzika vizuri, wakamsomea kwa dini yake. "Ni tangu masika, dada," Mama Zuhura akasema, na sasa alikuwa analia. "Tangu masika. Habari imekosa pa kupita."

Mama aliinamia cherehani, paji la uso juu ya kitambaa. Alisema neno moja tu, mara nyingi: "Nilimwambia asirudi. Nilimwambia asirudi." Nyanya alikuwa pembeni ameshika ukuta. Mwanawe huyo ndiye aliyekuwa amembakia. Nilimwona akivuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Kisha akamfuata mama, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakiinua. "Homa," akasema. "Nisikilize. Ni homa iliyomuua. Sio wewe. Umesikia? Homa." Yeye yule aliyesema hasira inafunga njia, aliyeamini hivyo tangu azaliwe, siku hiyo alikana katakata kwamba hasira imeua, akaimeza imani yake nzima nzima ili mke wa mwanawe apumue. Utotoni sikuliona hilo. Niliona tu kwamba ameacha kulia kwanza ili mama alie.

Tuliweka matanga Mbololo bila maiti. Mwalimu alipanda mlima na suti yake, akasema maneno mazuri, na mimi nilikaa nyuma ya nyumba nikiwa na hasira ya kuweza kuuma mti. Tangu masika! Kwa hiyo Alhamisi zote zile na Jumapili zote zile, tulikuwa tunamwombea mtu aliyezikwa arudi nyumbani. Nyanya alikuwa anatazama mlango ambao hakuna mtu angeuingia. Mungu alikuwa anajua, anatutazama tu, hata kukohoa hakukohoa! Mtu akiniambia leo kwamba watoto hawamchukii Mungu, namwambia hajakutana na mimi siku ile.

Tukarudi Voi. Jumapili ikafika. Mama hakuvaa. Alikaa kitandani na nguo za nyumbani, nywele hazijachanwa, anatazama ukuta. Niliketi karibu naye, na kusema kweli nilifurahi. Nilifurahi kwamba hatuendi. Kanisani nilikuwa nimemaliza.

Nikasikia maji yanamwagika nje. Nyanya anaoga. Akaingia amejifunga leso zake mbili, amejipaka mafuta mpaka vifundo vinang'aa, akaanza kutafuta fimbo yake.

Mama akageuza kichwa. "Mama, unaenda wapi?"

"Kanisani."

"Kufanya nini?" Sauti ya mama ilikuwa imekauka. "Mama, mwanao amekufa."

"Nimesikia. Nilikuwepo alipotangazwa."

"Basi unangoja nini huko?"

Nyanya akaipata fimbo chini ya meza. Akainuka polepole, mkono kiunoni, akaja akasimama mbele ya mama na kumtazama mdomo, kama kawaida yake.

"Nimekaa pale mbele siku nyingi," akasema. "Sijui kusoma, nyimbo zinanipita, lakini masikio ninayo. Kila Jumapili mnasimama wote, na wewe ukiwemo, na Mwalimu na watoto, mnasema kwa sauti moja kwamba wafu watafufuka. Mara ya kwanza nilidhani sikusikia vizuri. Nikangoja Jumapili nyingine, mkasema tena. Nikashangaa, kumbe watu hawa wana mambo makubwa ya kungoja kuliko mimi na Moshi yangu! Lakini sikumwona mtu akitazama mlango. Mnakaa, mnajipepea, mnakwenda nyumbani kupika." Akaegemea fimbo. "Sasa wewe ndiye umeokoka, nifundishe. Mnasema tu, au mnangoja?"

Nilimwona mama akitafuta jibu. Yeye aliyekuwa nyota wa Alhamisi, aliyejua vifungu kwa kichwa, alitafuta huku na huku kama mtu aliyepoteza pini sakafuni. Akaanza kulia, na hakikuwa kile kilio cha matanga. Kile kilikuwa cha kuangusha mwili. Hiki kilimkalisha wima. Alilia huku anajifunga kitambaa cha kichwa.

"Wakesho," akaniambia, "nipe viatu vyangu."

Sikutaka kumpa. Nilivishika kifuani. Nikasema, "Mama, tulishaomba, na hakufanya." Akaninyoshea mkono. "Ndiyo," akasema. "Hakufanya. Nipe viatu."

Tulifika tumechelewa, watu wote wakageuka. Nyanya alitupitisha katikati ya kanisa hadi benchi ya kwanza, fimbo inagonga sakafu, ko, ko, ko, na Mwalimu akasitisha kusoma mpaka tulipoketi. Kisha tukasimama kukiri imani. Mimi midomo niliifunga kabisa. Nilikuwa namtazama mama. Alianza vizuri, sauti ya chini lakini imenyooka, akaenda nayo, akaenda, na alipofika pale pa wafu akakwama. Kanisa lote likapita likamwacha. Wakamaliza, wakasema amina, wakakaa, benchi zikalia.

Mama alibaki amesimama.

Nyanya naye hakukaa. Akamgusa kiwiko.

"Maliza," akamwambia. "Nasikiliza."